Kulilainisha Gari la Malavolti

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Dorando Malavolti kaingia gereji kwangu asubuhi na lile gari lake la kijivu, la milango miwili. Kazima injini, kachungulia barabarani kama mwizi wa kuku, kisha kaniambia: Nives, nilainishie.

Nikulainishie nini?

Gari. Springi, shokapu, vyote. Nataka liende kama kitanda.

Kama kitanda! Dorando! Bingwa wa rali mara nne, picha yake iko kwa kinyozi, iko baa, iko hadi kwa muuza jibini. Mtu aliyekuwa akituambia kila siku ya Mungu kwamba ulaini ni wa magodoro na wa mapadri. Leo anataka kitanda.

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kikaja kinyaa. Kile halisi, kinachoanzia chini ya ulimi. Gari lile ni kali kama wembe, tumbo lake karibu liguse lami. Ukikanyaga sarafu, makalio yanakuambia imelalia upande gani. Ndivyo lilivyozaliwa. Kulilainisha ni sawa na kumng'oa paka kucha ili asikwaruze kochi.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema kapata mnunuzi, daktari wa meno wa Bologna, mgongo wake mbovu. Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. Miaka sabini na moja, na nywele kazipaka rangi ya viatu hivyohivyo. Ptu!

Akaongeza: usimwambie mtu.

Nimekubali. Ningemkatalia vipi? Huyu ndiye mtu aliyenisamehe.

Jumanne, 3 Septemba

Nimetoa springi za nyuma. Fupi, nzito, nzuri. Nimezifunga kwa gazeti nikaziweka juu ya kabati, sitaki kuziona.

Za kuweka badala yake nimeagiza mjini Modena. Springi za gari la familia, lile la kupelekea watoto shule! Muuzaji kaniuliza kwenye simu, ni za gari gani, mama? Nimemdanganya. Nimesema ni la dada yangu. Umri huu nimegeuka mwongo kwa ajili ya daktari wa meno.

Dada mwenyewe, Iole, kachungulia kutoka dirisha lake la ghorofani. Si uchukue tu kochi la marehemu mama, ulitie matairi?

Mara ya kwanza tangu Pasaka tumekubaliana jambo.

Alhamisi, 5 Septemba

Njia ya mwongo ni fupi.

Springi huchaguliwa kwa uzito. Kwa hiyo nikampigia Dorando: huyo daktari wako ana kilo ngapi? Akasema hamsini na mbili. Mwanamume mzima? Amekonda, akasema. Haya. Na akishika usukani hukaa mbele au nyuma? Akasema, ah, yeye atakaa upande wa abiria.

Mnunuzi anayekaa upande wa abiria!

Nilisikia baa nyuma yake, vikombe, mtu akibamiza karata mezani. Kisha akasema polepole: ni Learco, Nives.

Nikakata simu.

Ijumaa, 6 Septemba

Jana sikuweza kuendelea.

Learco Zanasi. Miaka kumi na mmoja alikaa kando ya Dorando kwenye rali, daftari magotini, akimsomea kona moja baada ya nyingine, kila kona na namba ya ukali wake. Mimi nilikuwa fundi wao wa shokapu, mwanamke pekee katika timu nzima. Juni 1997, mteremko wa Rocca Vecchia, barabara yenye mashimo kama mdomo wa kibogoyo. Nyuma ya gari ikaanza kurukaruka, ikakataa kushika lami. Wakaikosa kona, wakaenda bondeni. Dorando alivunjika kidole. Learco alivunjika mgongo.

Wakaguzi walizikuta shokapu za nyuma kwenye mlio wa pili. Kile kifundo cha shokapu, kila ukikizungusha kidogo kinalia ta, na unahesabu kuanzia ugumu wa mwisho. Mlio wa pili ni ugumu wa jiwe. Mimi niliweka nane. Kadi yangu ilisema nane. Lakini gari lilisema mbili, na gari halina sababu ya kusema uongo. Basi Nives kakosea kuhesabu. Ikaandikwa hivyo. Nikafukuzwa, na hakuna timu iliyonichukua tena.

Na Dorando, kidole kwenye bandeji, akawaambia waandishi wa habari: nimemsamehe. Ni binadamu. Alihesabu vibaya.

Miaka ishirini na miwili anarudia wimbo huohuo. Harusini, mazishini, mbele za watu. Nives? Ah, nilishamsamehe zamani. Na mimi kila Oktoba nampelekea kikapu cha uyoga!

Mwanzoni nilibisha. Niliweka nane, nilijua niliweka nane. Baadaye nikaacha kujua. Sasa nahesabu kila kitu mara tatu, kwa sauti. Hata mayai.

Learco sijamwona tangu siku ile. Sikwenda hospitali, sikwenda nyumbani kwake. Ningemwambia nini? Pole, sijui kuhesabu?

Saa nne nilimpigia tena Dorando. Kasema Learco anatimiza miaka sitini tarehe ishirini na moja na kaomba kitu kimoja tu: kupanda tena Rocca Vecchia. Si ndani ya lile gari la wagonjwa analobebewa siku zote, anasema linanuka dawa na kabichi. Ndani ya gari la kweli. Lakini mgongo wake una vyuma viwili, na kila shimo kwake ni msumari.

Kwa nini ukanidanganya?

Nilijua utakataa. Una aibu zako.

Aibu zangu!

Nitalilainisha. Sasa nitalilainisha kwelikweli.

Jumatano, 11 Septemba

Springi mpya ziko ndani. Bushi ngumu, zile pete za kwenye viungo, nimezitoa, nimeweka za mpira mnene. Kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona nimeweka chembamba kama kidole changu cha mwisho. Matairi nimeyapunguza upepo. Gari limeinuka, linasimama kama kuku aliyenyeshewa. Karaha tupu! Nikilitazama naona nimemvisha bondia gauni la kulalia.

Jaribio: bakuli la supu ya Iole limejaa hadi ukingoni, liko juu ya kiti cha abiria, nimelizungushia mkanda na taulo. Kutoka hapa hadi kanisani na kurudi. Mara ya kwanza kiti kizima kililowa. Gari la Malavolti linanuka kuku!

Iole kapiga kelele dirishani hadi mbwa wa jirani wakajibu. Nimemchemsha kuku yule kwa saa nne, na wewe unamlisha kiti!

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimetumia maji. Iole kaficha supu.

Mara ya nne, nusu kikombe kimemwagika. Mara ya saba, vijiko viwili. Springi laini peke yake haitoshi. Inayumba, inakutikisa kama bembea hadi utapike. Shokapu lazima iishike, iiambie: zama, inuka, basi. Kama mtu anayepumua. Nimeweka milio kumi na nne mbele, kumi na sita nyuma. Mara ya tisa halikumwagika tone. Nilisimama mbele ya kanisa, nikaliangalia bakuli lile, maji yametulia kimya.

Nachukia kuandika hili: ni kazi nzuri. Huenda ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na nimeifanya kwa godoro.

Jumamosi, 14 Septemba

Dorando kaja kulijaribu. Karudi baada ya nusu saa, uso kaukunja kama aliyelamba ndimu.

Nives, hili si gari, ni ng'ombe mwenye mimba!

Uliomba kitanda.

Nyuma inalegea kwenye kona. Nazungusha usukani, gari linafikiri kwanza!

Nikamwambia: mtu ana vyuma mgongoni, utakwenda mwendo wa arobaini, kona gani unayoizungumzia? Akasema hata mwendo wa arobaini Malavolti ni Malavolti. Nilimtazama. Mzee mzima, shati limefunguliwa vifungo vitatu, kidani cha dhahabu kwenye mvi za kifua. Sijui tulikuwa tunaona nini zamani.

Akaomba akae nalo hadi Jumatatu alizoee. Nikampa ufunguo. Nikamwambia: usiguse kitu. Akaweka mkono kifuani kama padri.

Jumatatu, 16 Septemba

Kalirudisha nikiwa posta. Ufunguo kauacha kwa Iole.

Nilijua hata kabla ya kuliinua. Niliibonyeza nyuma yake kwa mikono miwili na gari halikupumua. Ngumu. Nikalala chini, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Ta, ta, ta. Kumi. Nikahesabu tena. Kumi. Mara ya tatu kwa sauti kubwa. Kumi! Gurudumu la pili, kumi.

Niliacha kumi na sita.

Kapunguza sita. Kila upande, sita.

Nane ukitoa sita ni mbili.

Nane ukitoa sita ni mbili.

Kisha nikatapika kwenye ndoo ya oili chafu.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemkuta baa akicheza karata na wastaafu wenzake. Nikamwambia, njoo nje. Akaja na karata zake mkononi, kazibana kifuani nisizione. Kana kwamba nina haja na karata zake!

Umegusa shokapu.

Kidogo tu. Unanijua, Nives, mikono yangu haitulii. Nyuma ikiwa laini napata wazimu.

Milio sita.

Mimi sihesabu. Nazungusha hadi mkono useme basi.

Na Rocca Vecchia?

Hakuuliza Rocca Vecchia ipi. Hakuuliza lini. Aliangalia karata zake, akaanza kuzipanga upya, moja moja, kwa utaratibu. Na alichosema nakiandika kama kilivyo, maana kesho nitadhani niliota. Alisema: Nives, hayo yamekwisha. Nilishakusamehe.

Nilitazama mdomo wake ukisema vile. Kipande cha jani la kitoweo kilikuwa kimenasa kwenye jino la mbele. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa hata kumgusa, kama unavyokataa kumgusa konokono. Nikageuka. Nyuma yangu nilimsikia anawaambia wenzake, mambo ya magari tu, na mmoja akasema, fundi wako mkali! Wakacheka.

Jumatano, 18 Septemba

Sijala. Iole kaniuliza mara tatu, mara ya nne nikamwambia. Kakaa juu ya tairi kuukuu. Halafu akapaza sauti: na uyoga wote ule! Mimi ndiye niliyekuwa nauchuma, na goti langu hili!

Akataka aende baa palepale. Nikamzuia. Nina ushahidi gani? Kidole changu kimesikia milio. Kitu hichohicho nilichokuwa nacho mwaka ule.

Nitasema kitu hapa ambacho sitamwambia hata Iole. Kinachonichefua zaidi si Dorando. Ni mimi. Nilipohesabu kumi mara ya tatu, kabla sijatapika, nilifurahi. Mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu miaka ishirini na miwili, na mimi nimelala chini ya gari nafurahi! Nilitaka kupiga vigelegele. Hapo ndipo tumbo liliponigeuka.

Nimerudisha kumi na sita. Juu ya vifundo nimepaka rangi ya kucha ya Iole, nyekundu. Akigusa tena nitaona.

Ijumaa, 20 Septemba

Dorando kapiga simu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho saa tatu anamleta Learco. Jumapili chama cha wakongwe wa rali kinamfanyia chakula cha mchana hotelini, watu sitini, na hotuba ni ya Dorando. Wewe na Iole mmealikwa, akasema. Sauti tamu kama dawa ya kikohozi.

Nilikaribia kumwambia, lichukue gari lako ulipeleke kwingine. Lakini hakuna kwingine. Mgongo ni wa Learco, si wake.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika polepole. Nataka iwe kama ilivyokuwa.

Saa tatu na dakika tano gari la wagonjwa likaingia uani, Dorando kwenye usukani, kavaa glavu zake za ngozi za zamani. Akafungua mlango wa nyuma. Learco alikuwa amekaa amefungwa mikanda, shati jeupe, kanyolewa vizuri, kovu kooni. Mdogo. Alikuwa mtu mkubwa, sasa angeenea kwenye sanduku la shokapu.

Akanitazama. Umezeeka, Nives.

Na wewe umefupika.

Nimekaa tu, akasema. Na akacheka! Mimi nikashindwa.

Kisha Dorando akamnyanyua. Mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, kichwa cha Learco begani kwake. Walijua kila hatua, kama watu waliocheza dansi pamoja miaka na miaka. Akamweka kwenye kiti, akamnyoosha miguu mmoja mmoja, akamkunjulia kola. Mikono ileile. Niliangalia na sikujua niweke wapi macho.

Alipozunguka upande wa usukani alinikuta nimeshakaa.

Shuka, Nives.

Mwache, Learco akasema. Aliyeweka shokapu ndiye aendeshe. Wewe subiri na Iole.

Akabaki uani na glavu zake. Iole, ambaye Mungu alimpa akili ya ajabu, akamshushia beseni la viazi na kisu. Kwenye kioo nilimwona Malavolti, bingwa mara nne, anavua glavu ili amenye viazi.

Tukapanda. Mwendo wa thelathini, arobaini. Shimo la kwanza, pale kwenye daraja, Learco akafumba macho na kukaza shingo. Gari likazama, likainuka, basi. Akafumbua jicho moja. Ah, akasema. Shimo la pili hakufumba tena. Kisha akaanza kusoma. Hana daftari, kila kitu kiko kichwani. Kulia nne. Mita hamsini. Kushoto tatu, inajifunga, usikate ndani. Sauti ileile, tambarare, haipandi wala haishuki. Nikajikuta namfuata kama mwanafunzi. Kulia mbili, mchanga. Kulikuwa na mchanga kweli!

Pale juu, kwenye kona yenyewe, akasema: simama.

Wameweka ukingo mpya wa chuma, na chini msitu umefunga bonde lote. Nikazima injini. Nikaanza lile neno nililolibeba miaka yote, Learco, mimi, siku ile. Akanikatiza.

Nilimwona, akasema.

Nani?

Dorando. Tulikuwa kwenye foleni ya kuanza, mimi nimeshafunga mkanda. Alishuka, akapiga goti kwenye gurudumu la nyuma, upande wangu, halafu upande wake. Nilimwona kwenye kioo. Nilidhani anafunga kamba ya kiatu. Hapana, naongopa, sikudhani hivyo. Nilijua anafanya nini. Nikajiambia, ni bingwa, anajua.

Nilisikia chuma cha injini kikipoa.

Akaendelea, haniangalii: Baada ya miezi mitatu wakanitoa bomba kooni, nikaweza kusema. Kitandani pangu alikuwapo nani? Mke wangu alishafunga mizigo. Alikuwapo Dorando. Alininyoa. Alinigeuza. Alinifuta mavi, Nives, kwa mikono yake. Na kila Jumapili tangu hapo, hajakosa hata moja, mvua, theluji, hata siku aliyomzika mama yake alikuja jioni. Ningesema, angerudi? Nikajiambia, Nives ana miguu, Nives atapata kazi nyingine. Nikakuuza. Kwa Jumapili.

Nikauliza: yeye anajua kwamba ulimwona?

Hatujazungumza. Mtu akiwa na wembe shingoni kwako humwulizi mambo kama hayo.

Nilitaka kufungua mlango, niondoke kwa miguu, nishuke hadi nyumbani nisimwone tena yeyote kati yao. Wawili! Mmoja alinitupia mzigo, wa pili aliuona ukitupwa akanyamaza, na mimi nikaubeba na kupeleka uyoga juu yake. Lakini unamwachaje mtu asiye na miguu kwenye kona? Nikakaa. Mikono juu ya usukani. Nikasema neno la kipumbavu kuliko yote: mgongo unauma?

Hapana, akasema. Hauumi kabisa. Ndiyo sababu nimeweza kusema.

Dorando alitaka kulipeleka Modena hili gari, akaongeza. Mimi ndiye niliyesema, Nives au hakuna.

Kushuka hakusoma tena kona. Alilia kidogo, bila sauti, na mikono yake haifiki usoni vizuri. Nilisimamisha gari nikamfuta. Kwa kitambaa cha gereji, chenye oili. Nilimfuta vibaya, kwa hasira, na yeye akaniacha.

Uani Dorando alikuwa amemaliza beseni zima. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akaja mbio. Imeuma? Imeuma wapi? Learco akamweka mkono shingoni. Nilitaka kuuchukia ule mkono. Nilishindwa, na kule kushindwa kukanichefua zaidi.

Kabla mlango wa gari la wagonjwa haujafungwa Learco akasema: kesho uje, Nives.

Nikaenda kunawa oili.

Iole anasema: nenda, ukayaseme yote mbele ya watu sitini, na supu iwapalie. Ni rahisi kwake. Nikisema, Jumapili ijayo nani atamnyoa yule mtu? Nisiposema, mimi ni nani?

Vile vifundo nimeviangalia. Rangi haikuguswa.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika chooni. Hotelini, mlango nimeufunga kwa ndani, daftari kwenye goti. Watu wataona nimeumwa tumbo. Waone.

Nilikuja. Gauni la bluu, Iole kando yangu na goti lake. Learco kwenye kichwa cha meza na tai. Dorando upande wake wa kuume, anamkatia mkate vipande vidogo. Tortellini zikaja, tambi ndogo zilizojazwa nyama, kwenye supu moto, watu wakaanza kupiga soga za zamani, nani alipinduka wapi, nani alilala na mke wa nani.

Kisha Dorando akainuka na glasi. Akasema ya urafiki. Akasema ya Jumapili, na wanawake wawili wakatoa vitambaa. Halafu — nilijua, nilijua tangu Ijumaa! — akanyoosha glasi kwangu. Na leo yuko nasi Nives Bertacchini, ambaye wengine wenu mlimhukumu. Mimi nilimsamehe kabla bandeji haijatoka. Mpigieni makofi!

Wakapiga. Watu sitini wakanipigia makofi kwa kusamehewa. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akanibana mkono, macho yamemlowa. Nilimeza tortellini nzima bila kutafuna. Nikamtazama Learco. Alikuwa anaangalia sahani yake.

Nikainuka. Iole akanishika gauni, nikajinasua. Nimefika hapa, nimetema mate mara tatu, hakuna kinachotoka.

Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Dorando bado anaendelea, sasa anasimulia ile ya mwaka tisini na mbili, ya mbuzi barabarani. Wanacheka. Anajua kuisimulia, mshenzi. Hata mimi ningecheka.

Kijiko kinagonga glasi. Kinagonga tena. Si cha Dorando, yeye anaongea.

Kaa chini, Dorando.

Learco. Sauti ileile ya kona.

Kicheko kimekatika, kimebaki kimoja mwishoni mwa ukumbi, nacho kimezimika. Dorando kasema kitu kwa sauti ya chini, sikusikia. Learco kasema tena: kaa chini, mzee. Kiti kimekwaruza sakafu.

Nives yuko wapi?

Mtu kajibu, kaenda chooni.

Basi nitasubiri.

Hakuna hata sahani inayolia. Watu sitini! Nasikia maji ya bomba yakidondoka. Nimesimama, daftari nimelibana ukutani, mwandiko umeharibika. Miguu yangu mimi haina ugonjwa wowote na haitaki kwenda.

Sasa Iole yuko mlangoni. Anagonga kwa kucha. Nives. Nives, toka. Yule mwanamume amekuwa mweupe kama unga.

Nimemwuliza: yupi?

Kasema: wote wawili.